"Dawa za Kusisimua Misuli": Istilahi Inayopotosha

Mwezi Juni, siku chache baada ya sherehe za Bulabo, niliketi na walimu wa michezo wa shule kadhaa za Kisesa, wilayani Magu, nikawasikiliza wakisoma kijikaratasi cha Kiswahili kilichokusudiwa kuwafunza vijana hatari ya dawa zilizokatazwa michezoni. Kijikaratasi hicho kilitafsiriwa na ofisi moja ambayo si lazima kuitaja, maana kasoro zake ni zetu sote tunaoshughulika na istilahi. Kichwa chake kilitumia maneno yaliyozoeleka katika magazeti na redio zetu: "dawa za kusisimua misuli".

Mwalimu mmoja, ambaye hufundisha ngumi, aliuliza kama bondia anayemeza kidonge cha kukojosha ili apunguze uzito kabla ya kupimwa naye anahusika, madhali kidonge hicho hakisisimui msuli bali humlegeza mtu. Mwalimu wa pili, mtu mzima wa hapo hapo Kisesa, akauliza kama dawa za Wagika na Wagalu nazo zimo. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona kwamba maswali yote mawili yalizaliwa na istilahi yenyewe. Istilahi njema hujibu maswali ya namna hiyo kabla hayajaulizwa. Hii yetu huyazalisha.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba maneno "dawa za kusisimua misuli" yana kosa katika kila neno lake, kwamba kosa hilo laweza kumgharimu mwanamichezo riziki yake, na kwamba Kiswahili tayari kinalo neno lililo bora zaidi.

Kusisimua na misuli

Tuanze na "kusisimua". Orodha ya vitu vilivyokatazwa, ambayo hutolewa kila mwaka na shirika la dunia linaloshughulikia jambo hili, WADA, imegawanyika katika makundi mengi. Visisimuzi ni kundi moja tu kati ya hayo, nalo hukatazwa wakati wa mashindano, si wakati wote. Zaidi ya hayo, si kila kinachosisimua kimekatazwa. Ng'ambo ya Ziwa, Bukoba, watu hutafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, na hapana asiyejua kwamba buni hizo huchangamsha. Kafeini iliyomo ndani yake iliondolewa katika orodha mwaka 2004. Kwa hiyo mkimbiaji anayetafuna kahawa ya Bukoba anasisimka bila kuvunja kanuni, ilhali bondia wa mwalimu wetu anavunja kanuni bila kusisimka, kwa kuwa dawa za kukojosha zimekatazwa wakati wote.

Hilo la dawa za kukojosha si jambo la kubuni. Mwezi Oktoba 2025 Ruth Chepngetich wa Kenya, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, alifungiwa miaka 3 baada ya sampuli yake kukutwa na haidroklorothiazidi. Hiyo ni dawa ya kukojosha wanayoandikiwa wagonjwa wengi wa shinikizo la damu. Imekatazwa kwa sababu huongeza maji katika mkojo, na hivyo yaweza kuficha vitu vingine. Alieleza kwamba alipougua alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani. Maelezo hayo hayakumwokoa. Msomaji wa Kiswahili aliyeambiwa kwamba bingwa huyo alitumia "dawa za kusisimua misuli" ameambiwa jambo lisilo kweli, na kijana mwenye bibi anayemeza vidonge hivyo nyumbani hakuonywa lolote.

Neno "misuli" nalo halina hali nzuri zaidi. Yamkini lilishika mizizi kutokana na visa vya steroidi, hasa kile cha Ben Johnson wa Kanada katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Steroidi hujenga misuli kweli. Lakini wakimbiaji wetu wa Afrika Mashariki ni watu wa masafa marefu, na kitu kilichowaangusha wengi wao ni homoni iitwayo kwa kifupi EPO, ambayo huuchochea uboho wa mifupa kutengeneza chembe nyekundu za damu. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alikutwa nayo mwaka 2014. Homoni hiyo hufanya kazi yake katika uboho na damu. Anayemtazama mtumiaji wake atamwona mwembamba vile vile kama mkimbiaji mwingine yeyote wa marathoni. Mwalimu aliyefunzwa kwamba dalili ya uovu huu ni msuli uliotuna hawezi kuitambua hatari iliyo mbele yake.

Dawa

Neno "dawa" ndilo lenye uzito kuliko yote, na hapa swali la mwalimu wetu wa pili lastahili kujibiwa kwa heshima.

Bujora, palipo na Makumbusho ya Wasukuma, ni sehemu ya Kisesa. Kila mwaka wakati wa Bulabo vikundi vya Wagika na Wagalu hushindana huko kwa ngoma. Masimulizi ya Wasukuma yanaeleza kwamba vyama hivyo viwili vilianzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, waliobishana ni nani mwenye dawa kali zaidi. Ubishi ukapelekwa uwanjani: kila mmoja acheze na watu wake, na yule atakayevuta umati mkubwa ndiye mshindi. Basi katika mashindano hayo dawa, ambayo Wasukuma huiita bugota, ni sehemu ya mashindano yenyewe. Watu huizungumza waziwazi na kusifu ukali wake, na mganga wa kikundi huheshimiwa pamoja na kiongozi wa ngoma.

Kwa mtu aliyekulia katika mapokeo hayo, na pia kwa Mswahili wa pwani, neno "dawa" halina hatia. Dawa huponya, hukinga, huvuta, hutia nguvu. Ukimwambia kijana wa Kisesa kwamba kuna "dawa za kuongeza nguvu", kama wengine wanavyosema badala ya "kusisimua misuli", hujamwonya, umemtangazia bidhaa. Istilahi imebeba sifa ya kitu na kuliacha kosa lenyewe nje.

Lipo pia tatizo la jirani yake, "dawa za kulevya". Maneno haya mawili hufanana kiasi kwamba wasikilizaji wengi huyachanganya, wakadhani anayekwepa bangi amekwisha salimika. Tuchukue mfano wa mirungi. Nchini Kenya huliwa na kuuzwa kwa halali. Nchini Tanzania ni kosa la jinai. Na katika michezo kathinoni iliyomo ndani yake hukatazwa wakati wa mashindano. Haidroklorothiazidi kwa upande wake ni halali katika nchi zote mbili, na michezoni ni marufuku mwaka mzima. Orodha ya sheria za nchi na orodha ya michezo ni vitu viwili mbalimbali, na istilahi inayoviweka chini ya paa moja huwapotosha watu.

Kosa ni la kanuni

Msomaji ataona sasa mahali makosa yote haya yanapotoka. Maneno yetu yanajaribu kutaja kidonge, ilhali dhana tunayoitafutia jina ni ya kisheria. Dawa ya mchezaji wa Bujora si kosa kwa kuwa kanuni za mashindano yake zinairuhusu. Kidonge cha bondia ni kosa kwa kuwa kanuni za mashindano yake zinakikataza. Hapana kitu kilichomo ndani ya kidonge kinachoweza kutuonyesha tofauti hiyo.

Kanuni ya Dunia, iliyopitishwa Copenhagen mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2004, katika toleo lake la mwaka 2021 inataja makosa 11. Katika hayo ni 2 tu yanayohitaji mwanamichezo awe ametumia kitu au mbinu iliyokatazwa, au amejaribu kutumia. Makosa mengine ni kama kukwepa au kukataa kupimwa, kushindwa kueleza mahali alipo, kuvuruga upimaji, kumiliki, kusambaza, kushiriki katika kosa la mwingine, na kumtisha aliyetoa taarifa. Kocha, daktari na msimamizi nao waweza kutiwa hatiani, na hao hawashindani kabisa.

Wilson Kipsang, aliyevunja rekodi ya dunia ya marathoni Berlin mwaka 2013, alifungiwa miaka 4 mwaka 2020. Sampuli zake hazikukutwa na kitu chochote kilichokatazwa. Alifungiwa kwa sababu hakupatikana mahali alipoeleza kuwa atakuwapo ili apimwe, na kwa sababu alitoa maelezo na ushahidi wa uongo kuhusu jambo hilo. Mwenzake Rhonex Kipruto alifungiwa miaka 6 mwaka 2024 kutokana na mabadiliko katika kumbukumbu za damu yake za miaka kadhaa, bila dawa yoyote kutajwa kuwa imeonekana katika sampuli. Mhariri aliye na "dawa za kusisimua misuli" peke yake mkononi ataziandikaje habari hizi?

Wenzetu wa Kenya wametufundisha pia kwamba maneno ya sheria yana bei. Bunge lao lilipitisha sheria mahsusi mwezi Aprili 2016 na kuunda wakala wa kitaifa, ADAK. Mwezi Mei WADA ikatangaza kwamba nchi hiyo haijatimiza masharti, kwa kuwa sheria iliyopitishwa haikulingana na Kanuni ya Dunia. Michezo ya Olimpiki ya Rio ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Sheria ikarekebishwa kwa haraka, na mwezi Agosti Kenya ikakubaliwa tena. Nia ya taifa zima ilikuwapo. Kilichokuwa na kasoro ni maandishi.

Kwa Tanzania jambo hili si la mbali. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, sheria na kanuni za michezo zitakazoandikwa zitahitaji kueleza mambo haya kwa Kiswahili. Mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia Tokyo, medali ya kwanza ya dhahabu ya nchi yetu katika mashindano hayo. Kadiri wakimbiaji wetu wanavyopanda, ndivyo wapimaji watakavyozidi kugonga milango yao.

Maneno madogo yenye hatari kubwa

Kijikaratasi cha Kisesa kilikuwa na kasoro nyingine ambazo si za istilahi kuu, nazo huenda ni za hatari zaidi kwa kuwa hazionekani upesi.

Kwanza, kiliandika kwamba mwanamichezo "ataombwa" kutoa sampuli. Neno "sampuli" si geni Kisesa. Tangu mwaka 1994 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu imekuwa ikifuatilia afya ya wakazi wa hapo, na wengi wametoa damu kwa ridhaa yao. Katika utafiti, anayeombwa aweza kukataa akaenda zake. Katika michezo, kukataa bila sababu ya kuridhisha ni kosa kamili, na adhabu yake yaweza kuwa sawa na ya aliyekutwa na EPO. Kitenzi "ataombwa" kinampa kijana uhuru asio nao. Ilipasa kuandikwa "atatakiwa".

Pili, saa. Wanamichezo walio katika kundi la kupimwa wakati wowote hutakiwa kutaja, kwa kila siku, muda wa dakika 60 na mahali watakapopatikana, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku. Mfasiri wa kijikaratasi alinakili tarakimu za kigeni, akaandika "saa 5 hadi saa 11". Msomaji wa Kiswahili ataelewa kuwa ni kuanzia karibu na adhuhuri hadi jioni. Kinyume chake pia chawezekana: mkimbiaji ajaze 12 katika fomu akikusudia saa 12 asubuhi, na mpimaji afike saa 6 mchana. Kukosekana mara tatu katika miezi 12 ni kosa ambalo kwa kawaida adhabu yake ni miaka 2. Sijui kosa jingine la tafsiri lililo dogo hivi na lenye adhabu kubwa namna hii.

Tatu, kibali anachopewa mgonjwa kutumia dawa iliyokatazwa kwa ajili ya tiba kiliitwa "msamaha wa matibabu". Msamaha hupewa aliyekosa. Mwenye pumu hajakosa, na akiona neno hilo ataona haya kuomba. "Kibali cha matibabu" chatosha.

Nne, kijikaratasi kilisema kwamba sampuli ikionyesha kitu kilichokatazwa mwanamichezo "amepatikana na hatia". Sivyo. Kuna matokeo ya maabara, kisha kusimamishwa kwa muda, kisha kusikilizwa, ndipo uamuzi. Mwanamichezo ana haki ya kutaka sampuli ya pili, ile B, ifunguliwe na kupimwa. Magazeti yetu nayo hutumia "kufungiwa" kwa hatua zote hizi. Tungetenga "kusimamishwa" kwa hatua ya kabla ya uamuzi, na "kufungiwa" kwa adhabu.

Mwisho, ile kanuni kwamba mwanamichezo hujibu kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, awe alikusudia au hakukusudia. Wengine wameitafsiri "dhima kali". Maneno hayo yanatisha bila kueleza. Ukali upo katika adhabu, nayo hubadilika kulingana na nia na uzembe. Kisichobadilika ni kwamba kosa huthibitika bila kuuliza nia. Napendekeza "dhima pasipo nia".

Neno mbadala

Baada ya kubomoa hatuna budi kujenga. Mapendekezo yanayosikika ni matatu.

La kwanza ni kukopa "dopingi". Hapana aibu katika kukopa. Lugha ya michezo yetu imejaa refa, kocha, goli na penalti, na hapana anayelalamika. Hata hivyo utaratibu wetu wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe kabla ya kubisha hodi kwa mgeni.

La pili ni "matumizi ya dawa zilizokatazwa michezoni". Hili ni sahihi zaidi ya lile la kusisimua misuli, nami mwenyewe nimelitumia mwanzoni mwa makala hii ili nieleweke. Lakini ni refu, haliwezi kubeba mbinu kama kuongezewa damu, na bado linahesabu vidonge.

La tatu ni "pufya", neno linalotumiwa na magazeti ya Kiswahili ya Kenya. Ni fupi, ni nomino, halina harufu ya tiba wala ya uganga, na laingia kwa urahisi katika miundo: kosa la pufya, upimaji wa pufya, kanuni za pufya. Ndilo ninaloliunga mkono.

Najua pingamizi zake. Itasemwa kwamba Watanzania wengi hawalijui. Ni kweli, lakini hata "ikulu" halikujulikana pwani lilipotoka Unyamwezini na Usukumani likiwa na maana ya makao ya mtemi, na leo hapana mtoto wa shule asiyelijua. Itasemwa tena kwamba huko Kenya lenyewe hutumika kwa maana ile ile ya dawa, hata huandikwa "dawa za pufya". Hili ni pingamizi zito zaidi. Jibu langu ni mfano wa "rushwa". Zamani neno hilo lilimaanisha fedha au kitu kilichotolewa kwa siri. Sheria ikalipanua, na leo anayeomba rushwa ametenda kosa hata kama hakupokea senti moja. Neno lisilo na maana ya uongo ndani yake laweza kupanuliwa na sheria na kufundishwa na walimu. Lakini neno linalotamka uongo waziwazi, kama "kusisimua misuli", ni lazima kwanza lifutwe vichwani mwa watu ndipo ukweli upate pa kukaa.

Sisemi kwamba maneno ya zamani yatupwe. Yarudishwe mahali pake. "Visisimuzi" liwe jina la kundi la visisimuzi peke yake. "Dawa za kujenga misuli" liwe la steroidi na jamaa zake. "Vikojosho" liwe la vidonge vya bondia wetu. Juu yao yakae "vitu vilivyokatazwa" na "mbinu zilizokatazwa", na juu ya yote "pufya", kwa maana ya kuvunja kanuni yoyote kati ya zile zilizowekwa kulinda haki ya mashindano katika jambo hili.

Ombi langu kwa wafasiri ni kwamba wasikubali kichwa cha habari kiwafundishe sheria. Kwa watumishi wa serikali, kwamba rasimu ya kanuni yoyote ya michezo ipite mikononi mwa watu wa istilahi kabla haijachapwa. Kwa walimu, na hasa wale wanaofunzwa katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, kwamba wayajaribu maneno haya uwanjani na kutuletea majibu, maana UMISSETA na UMITASHUMTA ndizo shule za kwanza za wakimbiaji wetu. Baraza la Michezo la Taifa na Baraza la Kiswahili la Taifa yote mawili yaliundwa kwa sheria za mwaka 1967. Ndugu hawa wa umri mmoja wangefanya vyema kuketi pamoja juu ya jambo hili.

Ama mwalimu wetu wa Kisesa, tulimjibu hivi: dawa za Wagika na Wagalu si pufya, kwa kuwa hapana kanuni ya ngoma inayozikataza. Lakini mchezaji huyo huyo wa ngoma, akivaa viatu vya kukimbilia na kuingia katika mbio za taifa, ajue kwamba kila anachokunywa, kiwe kimetoka duka la dawa au kwa mganga, ameingia nacho chini ya kanuni nyingine. Mwalimu aliinamisha kichwa kidogo, kisha akasema kwamba hilo lingeandikwa katika kijikaratasi, asingalikuwa na haja ya kuuliza.